Mwendo wa salamu: mwongozo kamili wa kufika kilomita 21 kwa mkimbiaji wa kawaida wa Mwanza

Ukikatiza mitaa ya Mwanza alfajiri na raba zako, lazima utasalimiwa. Mama anayewasha jiko la mkaa pale kona, mlinzi anayesubiri kutoka lindoni, mzee wa Kisukuma anayefungua kibanda chake: "Mwangaluka!" Na salamu ya mkubwa huku kwetu haijibiwi kwa kutikisa kichwa. Ukiweza kumwitikia, ukamuuliza ameamkaje na kumtakia kazi njema bila maneno kukatika njiani, ujue unakimbia inavyotakiwa. Ukiishia kuinua mkono huku unahema kama mvuta kokoro, umezidisha, punguza.

Kipimo hicho nakiita mwendo wa salamu, na karibu kila kitu nitakachoeleza hapa kimesimama juu yake. Mimi si kocha. Ni karani wa stoo niliyeanza kukimbia nikiwa na miaka 39 na kitambi cha kutosha. Nilianza mara nne na kuacha mara nne. Mara zote hizo tatizo lilikuwa lilelile: nilitoka nyumbani mbio kama nimefumaniwa, wiki ya pili muundi unauma, wiki ya tatu natafuta sababu ya kulala. Mara ya tano jirani yangu, mwalimu mstaafu, akaniambia, "Mdogo wangu, kimbia mwendo ambao tunaweza kupiga soga." Sijaacha tena.

Lengo letu ni nusu marathoni, yaani kilomita 21 na mita 97 na kidogo. Kwa mtu wa huku, hebu piga picha daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Lina kilomita 3, kwa hiyo ni sawa na kulivuka mara saba. Jipe wiki 20. Nane za kwanza ni za kujifunza kukimbia nusu saa mfululizo, kumi na mbili zinazobaki ni za kurefusha. Ukilenga mbio za mwishoni mwa Oktoba, hesabu ya kurudi nyuma inakupeleka katikati ya Juni, wakati mvua zimekwisha na barabara za vumbi zinapitika. Msimu mzuri kuanza.

Kabla ya mita ya kwanza

Kapime presha na sukari. Zahanati yoyote inatosha na haichukui muda. Kama umevuka miaka 40, una pumu, unatumia dawa za kila siku, au kwenu kuna watu waliopata matatizo ya moyo wakiwa bado vijana, zungumza na daktari kwanza. Na hata ukishaanza, kifua kikibana, kizunguzungu kikikushika au pumzi ikikata kuliko kazi unayofanya, simama na uende hospitali siku hiyohiyo. Usiseme ni gesi.

Sasa raba, maana hapa ndipo watu wanapotapeliwa na macho yao. Raba mpya za maana ni ghali, na za bei chee zinazong'aa dukani mara nyingi ni za kuvalia jinzi. Wengi wetu tunanunua mtumba, na soko la Mlango Mmoja ukiwahi mapema siku ya kufungua mzigo unapata kitu. Namna ya kuchagua ni hii. Iweke raba juu ya meza na uitazame kwa nyuma: ikilalia upande mmoja, mwenyewe wa kwanza ameshaimaliza, iache. Ikunje kwa mikono miwili. Inapaswa kujikunja pale vidole vya miguu vinapokunjikia. Ikijikunja katikati kama kandambili, haifai. Bonyeza soli kwa dole gumba. Ikiwa ngumu kama tairi, sponji imekufa hata kama kwa juu inaonekana mpya. Mwisho vaa zote mbili, simama wima, na uone kama kuna nafasi ya upana wa dole gumba mbele ya kidole kirefu zaidi. Nenda kuzijaribu jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo mchana kutwa. Raba iliyokutosha barabara asubuhi itakung'oa kucha kwenye mteremko.

Usihangaikie rangi wala jina lililoandikwa ubavuni.

Vitu vingine ni vichache: soksi zisizo za pamba tupu, bukta au suruali nyepesi, na fulana isiyoshika jasho. Akina dada, sidiria ya mazoezi inayobana sawasawa inakuja kabla ya raba ya bei, hilo nimeambiwa na kila mwanamke ninayekimbia naye. Nunua pia kopo la mafuta ya mgando. Pakaa kwapani, katikati ya mapaja na kwenye chuchu kila siku ya safari ndefu. Asiyeamini atakuja kuamini bafuni, maji yakimgusa.

Njia na saa

Mwanza ni mji wa mawe na vilima, na kimo chetu ni zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari hata ukisimama ufukweni kabisa. Mgeni kutoka Dar atahema siku za kwanza, asishangae. Wewe wa hapa umezoea hewa, ila vilima havizoeleki. Kwa wiki nane za kwanza tafuta mahali tambarare. Barabara ya uwanja wa ndege kupitia Kirumba na Pasiansi ina vipande virefu visivyo na mlima wa maana, ingawa karibu na Mwaloni magari ya samaki na dagaa huanza fujo mapema na harufu inakushika kooni. Wa kusini wana njia za vumbi za kuelekea Malimbe na Luchelele, laini kwa magoti. Wa mjini wana Capri Point, yenye upepo, kivuli na mandhari ya ziwa, ila kuna kupanda na kushuka. Iweke akiba kwa baadaye. Mlima wa Bugando, ule wenye hospitali juu, usiuguse kabla ya mwezi wa tatu, labda uwe unapeleka chakula kwa mgonjwa.

Jua letu huchomoza kati ya saa 12 na nusu na saa 1 asubuhi, kutegemea mwezi. Anayetoka saa 11 anakimbia gizani, na gizani kuna bodaboda zisizo na taa, mbwa na mashimo. Ukiweza toka saa 12 na robo, kunapambazuka na bado kuna ubaridi. Kimbia upande wa kulia wa barabara ili magari ya upande wako yakujie usoni. Vaa nguo nyeupe au ya kung'aa. Usizibe masikio yote mawili kwa muziki. Wanawake wengi huku hawatoki peke yao gizani, na wana haki. Wawili au watatu hupunguza kero za barabarani kwa kiasi kikubwa, na njia nzuri ni ile yenye watu walioamka, hata kama vumbi ni jingi.

Wa jioni wajue jambo moja kuhusu ziwa. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, kwa hiyo upepo huvuma kutoka ziwani kuja kwetu. Usiku hugeuka. Jioni basi, anza kwa kuelekea bara upepo ukiwa mgongoni, urudi ukiukabili. Unarudi umechoka na una joto, na huo upepo wa usoni unakupoza. Nikifanya kinyume hufika nyumbani nimeiva.

Wiki nane za kwanza: kimbia kidogo, tembea kidogo

Siku tatu kwa wiki, zisizofuatana. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi zinawafaa wengi. Kila siku anza kwa kutembea haraka dakika tano na umalize hivyohivyo. Katikati fanya hivi:

Wiki ya 1 na ya 2: kimbia dakika 1, tembea dakika 2, rudia mara nane.
Wiki ya 3 na ya 4: kimbia 2, tembea 2, mara saba.
Wiki ya 5: kimbia 4, tembea 2, mara tano.
Wiki ya 6: kimbia 7, tembea 2, mara tatu.
Wiki ya 7: kimbia 12, tembea 2, mara mbili.
Wiki ya 8: kimbia dakika 25 hadi 30 bila kutembea.

Wiki ikikushinda, irudie. Hakuna anayekudai. Nina rafiki aliyekaa wiki ya 5 kwa mwezi mzima na leo ananiacha kwa mbali.

Zile dakika za kukimbia zikimbie kwa mwendo wa salamu. Nasisitiza kwa sababu dakika moja ni fupi na inakushawishi uruke kama mtoto wa shule. Sisi tuliosoma shule za msingi hapa tumelelewa na mchakamchaka, na mchakamchaka ulikuwa na hekima yake: tulikimbia tukiimba. Huwezi kuimba ukiwa umekata pumzi. Vikundi vingi vya jogingi vinaendeleza utaratibu huo mpaka leo, kiongozi anaanzisha na wengine wanaitikia. Ukiona wimbo umekufa, kundi linakwenda mbio mno.

Kwa nini polepole? Moyo na mapafu huzoea kazi haraka, ndani ya wiki chache tu unajisikia mtu mpya. Mifupa, kano na viungio huchukua miezi. Ndiyo maana mtu huumia wiki ya nne hadi ya sita, wakati pumzi imeshakuwa nzuri na anajiona simba. Pumzi inasema twende, muundi haujajengeka. Mwendo wa polepole unampa yule mzito nafasi ya kumfikia mwepesi.

Wiki kumi na mbili za kurefusha

Sasa una nusu saa miguuni. Ongeza siku moja, ziwe nne, na kila siku ipe kazi yake.

Jumanne ni nyepesi, dakika 30 hadi 40 za salamu tupu. Alhamisi ndiyo siku pekee ya kuhema, nitaieleza. Jumamosi ni safari ndefu. Jumapili jioni, baada ya kanisa na chakula, jongea dakika 20 hadi 30 au tembea tu na familia. Jumatatu pumzika kabisa.

Safari ndefu za Jumamosi, kwa kilomita, wiki hadi wiki: 6, 7, 8, halafu shuka 6. Panda 9, 11, 12, shuka 9. Panda 14, 16, shuka 11, na wiki ya kumi na mbili ni mashindano. Zile za kushuka usiziruke kwa ubingwa. Mwili hujijenga unapopumzishwa, na wiki ya kushuka ndiyo unapokea malipo ya kazi uliyofanya wiki tatu nyuma. Utaona pia hatufiki 21 kwenye mazoezi. Hakuna haja. Aliyekimbia 16 kwa utulivu atabebwa na siku yenyewe kwa zilizobaki.

Huna saa ya kupima umbali? Simu yenye programu ya ramani inatosha. Huna bando? Mwombe bodaboda wa kijiweni kwenu apite njia yako akisoma mita ya pikipiki, mlipe nauli yake, uweke alama: duka lile ni kilomita 2, msikiti ule ni 5. Nilikimbia mwaka mzima kwa alama hizo na hazikuwahi kuisha chaji.

Alhamisi sasa. Wiki nne za kwanza cheza mchezo wa nguzo za umeme. Baada ya kupasha mwili dakika kumi, kimbia haraka kutoka nguzo moja hadi nyingine, kisha jongea polepole nguzo mbili. Rudia mara nane, polepole fika kumi na mbili. "Haraka" maana yake unaweza kusema neno moja tu, "salama", ukitaka kujibu salamu. Isiwe ile ya kukimbizwa na fisi.

Kuanzia wiki ya tano nenda mlimani. Mwanza hatuhitaji kutafuta. Chagua mteremko usio mkali sana unaokuchukua kama dakika moja kuupanda. Panda kwa nguvu, kifua mbele kidogo, hatua fupi, mikono ikifanya kazi, macho mita chache mbele, wala si kileleni. Shuka ukitembea. Anza na mara nne, ongeza moja kila wiki, ishia nane. Kilima hukupa nguvu za mapaja bila kugonga miguu chini kama mbio za kasi za tambarare, na ukishakizoea, vimilima vya mashindano havikutishi.

Kushuka nako ni ufundi. Wengi wetu tunafunga breki kwa visigino, kila hatua inagonga goti. Fupisha hatua, ziwe nyingi, mguu ushuke chini ya mwili wako badala ya kutangulia mbele. Kwenye miteremko ya Capri Point ndipo nilipojifunza, kwa gharama ya goti la kulia na wiki tatu za kukaa.

Mara mbili kwa wiki, nyumbani, dakika kumi tu: chuchumaa na kusimama mara 15, panda na kushuka kwa vidole vya miguu kwenye ngazi mara 15 kila mguu, jiegemeze kwa viwiko na vidole vya miguu mwili ukiwa umenyooka kwa sekunde 30. Rudia vyote mara mbili. Inachosha kuliko kukimbia na ndiyo maana watu wanaikwepa.

Chakula, maji na ziwa

Chakula cha mkimbiaji kipo jikoni kwako. Ugali, viazi vitamu, ndizi na wali vinatoa wanga ambao misuli inachoma. Dagaa, sato na maharage vinajenga. Michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na karanga ni akiba nzuri ya saa kumi jioni. Akina mama wanaopata hedhi nzito waangalie wingi wa damu, maana kukimbia na upungufu wa damu ni kupanda Bugando na gunia mgongoni. Mchicha, matembele, maini na dagaa wasaidie, na kipimo cha hospitali kiseme.

Kabla ya mbio za chini ya saa moja, glasi ya maji inatosha, hata tumbo likiwa tupu. Kabla ya safari ndefu kula kitu kidogo saa moja hadi mbili kabla: uji usio mzito, ndizi, au vipande viwili vya mkate. Maharage ya jana usiyaguse. Nilishawahi kubisha hodi nyumba ya mtu nisiyemjua kule Nyegezi saa 1 asubuhi nikiomba choo, na yule mama, Mungu ambariki, hakuuliza swali.

Ukizidisha dakika 90 miguuni, kula njiani. Ndizi moja mbivu ya kawaida ina kama gramu 25 za wanga, na kwa saa moja mwili unaweza kutumia gramu 30 hadi 60. Tende ni rahisi kubeba mfukoni. Glukosi ya unga kwenye chupa ya maji nayo inafanya kazi. Maji kunywa ukisikia kiu, mafunda machache machache. Usinywe lita nzima kwa hofu, kwani maji mengi kupita kiasi bila chumvi nayo ni hatari. Mkojo wa rangi ya majani makavu ni sawa, ukiwa kama chai ya rangi umekauka. Siku ya jua kali, rudi nyumbani unywe ORS, au changanya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Sasa ziwa. Baada ya kilomita 12 miguu inawaka, na maji yako pale, yametulia, yanang'aa. Usiingie. Kichocho kipo katika Ziwa Victoria, hasa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani ambako konokono wanaishi. Vijidudu hutoka kwa konokono na kupenya ngozi yenyewe, na dakika chache tu za kusimama magoti majini zinatosha. Sisi tulikuwa na desturi ya kuloweka miguu Luchelele kila Jumamosi, tunapiga picha, tunacheka. Miezi baadaye nilikuwa nachoka bila sababu, tumbo linasokota, kasi imeshuka. Nikadhani nimezidisha mazoezi, nikapumzika, wapi. Kipimo cha choo kikaonyesha kichocho. Dawa yake, prazikwanteli, hutolewa kwa kupima uzito au urefu wako na inatibu vizuri, lakini ukirudi majini unaambukizwa upya. Miguu yangu siku hizi naipoza kwenye beseni.

Mbu wa alfajiri na jioni wako palepale, kwa hiyo homa na maungo kuuma usiviite uchovu wa mazoezi kabla ya kupima malaria. Na ngurumo zikianza, hasa ukiwa juu kwenye mawe, shuka na uingie ndani. Ukanda huu wa ziwa una radi nyingi kuliko sehemu kubwa ya dunia.

Siku ambayo hutaki kutoka

Itakuja. Itakuja mara nyingi. Umeme umekatika usiku kucha, umelala kwa joto, simu inalia saa 11 na nusu na kitanda hakijawahi kuwa kitamu hivyo.

Nguo ziwe zimeshawekwa kitini tangu usiku, raba mlangoni. Jiambie utakimbia dakika kumi tu, na baada ya hapo una ruhusa ya kurudi. Iwe ruhusa ya kweli. Mimi huitumia kama mara mbili kwa mwezi na sijioni mkosaji. Siku nyingine zote, dakika kumi zikifika, miguu imeshasahau kulalamika.

Kilichotushika sisi zaidi ya vyote ni kibubu. Tuko sita. Asiyetokea Jumamosi bila sababu ya ugonjwa, msiba au safari anatumbukiza shilingi 1,000. Fedha zinakwenda kwenye ada za kujisajili mashindano. Mwaka jana mwenzetu mmoja alilipia karibu nusu ya ada zetu wote peke yake, na tukamshukuru kwa dhati. Kama huna kundi, anzia Jumamosi ya pili ya mwezi, siku iliyotengwa kitaifa kwa mazoezi tangu Desemba 2016. Utakuta watu barabarani, jiunge, uliza wanakutana wapi Jumamosi nyingine.

Weka na daftari. Tarehe, dakika, njia, na sentensi moja: "mvua", "goti kimya", "mzee wa Mabatini kanipa ndizi". Siku ukijiona huendi popote, soma ya miezi mitatu nyuma.

Mwili ukilalamika

Kanuni yangu ni ya kienyeji lakini imenitosha. Maumivu ya miguu yote miwili yaliyosambaa, yanayopungua ukipasha mwili, ni uchovu. Endelea polepole. Maumivu ya upande mmoja, unayoweza kuyaonyesha kwa kidole kimoja, yanayoongezeka kadiri unavyokwenda, ni jeraha. Acha kukimbia siku tano hadi saba, tembea au endesha baiskeli. Yakibaki, hasa kwenye mfupa wa muundi au unyayo, kapigwe picha. Usimeze dawa za maumivu ili ukimbie juu yake.

Kichomi cha ubavuni punguza mwendo, toa pumzi kwa nguvu kila mguu wa upande usiouma unapogusa chini. Kitapita.

Mashindano

Mwanza tuna Rock City Marathon, iliyoanza 2009, na ina umbali wa kila aina ya mkimbiaji. Angalia tarehe ya mwaka husika mapema. Ukitaka safari, Kilimanjaro Marathon pale Moshi hukimbiwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, ila nusu yake inapanda kuelekea Mweka kabla ya kushuka, kwa hiyo vile vilima vya Alhamisi vitakulipa.

Wiki ya mwisho punguza nusu ya kila kitu. Utajisikia mzito na utaota umechelewa mbio, ni kawaida. Kachukue namba siku moja kabla. Usivae kitu kipya, hata ile fulana nzuri uliyopewa na waandaaji. Ivae jioni.

Kwenye mstari simama nyuma. Muziki unapiga, mshereheshaji anapiga kelele, vijana wa kilomita 5 wanachomoka kama mishale na miguu yako itataka kuwafuata. Mtanzania mwenzetu Filbert Bayi aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho pale Christchurch mwaka 1974 na kuvunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Wewe si Bayi, na hizi si mita 1500. Mimi nilijifanya Bayi kwenye nusu yangu ya kwanza, nikashuka mteremko wa mwanzo nikipita watu, na kuanzia kilomita ya 15 nikatembea mpaka mwisho nikipitwa na walewale, mmoja wao mama wa makamo aliyenisalimia kwa upole kabisa. Nilishindwa kuitikia.

Gawa mbio kwa salamu. Kilomita 7 za kwanza, uweze kusalimiana kikamilifu, hata kama unaona aibu kwa upole wako. Kutoka 7 hadi 15, sentensi fupi. Baada ya 15, neno moja. Mfano wa kuiga ni Alphonce Simbu: kwenye marathoni ya dunia Tokyo, Septemba 2025, alisubiri ndani ya kundi na kumpita Amanal Petros wa Ujerumani kwenye hatua za mwisho kabisa. Wote wawili waliandikiwa saa 2:09:48, akashinda kwa sekunde 0.03, dhahabu ya kwanza ya dunia kwa Tanzania.

Ukitaka hesabu: dakika 8 kwa kilomita inakupa saa 2 na dakika 49, dakika 7 inakupa saa 2 na dakika 28. Chagua ile uliyoizoea Jumamosi, si ile unayoitamani. Kila kituo cha maji chukua, tembea hatua ishirini, kunywa, mwagia kichwani, endelea. Saa 3 asubuhi jua la Mwanza halina utani, na kofia ni mali.

Ukimaliza usikae chini hapohapo. Tembea dakika kumi, kunywa, kula chochote ndani ya saa moja. Ugali na sangara wa mama lishe aliye karibu na uwanja haujawahi kuwa na ladha ile siku nyingine.

Jumatatu utashuka ngazi kinyumenyume. Jumatano tembea nusu saa. Usikimbie mpaka maumivu ya mapaja yaishe, na usirudi kwenye vilima na nguzo kabla ya wiki mbili. Lakini Jumamosi ile inayofuata nenda pale mnapokutana, hata kama ni kutembea tu na kushika chupa za wenzako. Wanaopotea kwenye kundi letu hupotea wiki hiyo, wakiwa bado na medali mpya ukutani.